Tippu Tip, mutu wa pembe aliyetawala Stanley Falls

Ndugu wachimbaji, pamoja na mama na watoto nyumbani, sisi wa Kisangani jina la Tippu Tip tunalijua tangu masomo. Wengi tunamujua kwa bunduki na minyororo, na ni kweli. Lakini leo tumuangalie sawa mutu wa biashara: mali yake ilitoka wapi, nani aliibeba, na nani alipanga bei.

Jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Zanzibar, karibu mwaka 1837. Baba yake alikuwa mutu wa biashara mwenye makao Tabora. Kijana alianza na sandarusi ya pwani, mali kidogo tu. Halafu akaona kwamba utajiri uko ndani, kwenye tembo.

Biashara ilienda hivi. Wahindi wa Zanzibar, kama Taria Topan, walimukopesha vitambaa, shanga na bunduki. Kitambaa cha kila siku kiliitwa merikani, juu ya kutoka Marekani. Machifu wakubwa hawakukubali merikani peke yake; walitaka vitambaa vya Maskati, vyenye nyuzi za hariri. Kwa vitambaa hivyo alinunua pembe. Pale kitambaa kilishindwa, bunduki ikafanya kazi. Mwaka 1867 alimupiga chifu Nsama wa Itabwa, akachukua pembe nyingi pamoja na shaba.

Kisha akaingia Maniema. Kwa chifu Kasongo Rushie alisema kwamba yeye ni mujukuu wa dada wa chifu, yule aliyechukuliwa zamani. Muzee akaamini, akamuachia utawala. Tangu siku ile pembe zote za inchi zilipita mikononi mwake. Kasongo ikawa makao yake.

Mwaka 1876 Stanley alimukuta Maniema. Wakafanya kontra ya dola 5,000 ili amusindikize kwenye muto. Pori likawa gumu, wakaachana njiani. Lakini njia ya muto ilikuwa imefunguliwa, na watu wa Tippu Tip wakashuka mpaka hapa kwetu, kwenye maporomoko ya Wagenia.

Mwaka 1886 watu hao walipigana na posti ya Wazungu hapa Stanley Falls, wakaifukuza. Mwenyewe hakuwako. Mwaka uliofuata, kule Zanzibar, Leopold wa Pili alimufanya gavana wa Stanley Falls, kwa mushahara wa paundi 30 kwa mwezi. Alipaswa kupandisha bendera ya Wazungu na kuzuia utumwa. Kwa mutu wa mali nyingi kama yeye, paundi 30 ilikuwa kitu kidogo. Alichotaka ni kulinda pembe zake.

Na pembe zilienda wapi? Kwa miguu mpaka pwani, safari ya miezi mingi. Muzigo wa mupagazi ulikuwa karibu frasila mbili, kama kilo 32. Wapagazi wengine walikuwa wa mushahara, wengine watumwa wenye kamba shingoni. Aliyeanguka aliachwa njiani. Toka Zanzibar pembe zilipanda meli, mpaka Uingereza na mpaka Connecticut kule Marekani. Huko zilikatwa kuwa meno ya piano, vitana na mipira ya biliadi. Mwenye kupiga piano hakujua jina la aliyebeba.

Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka hapa, hakurudi tena. Kati ya 1892 na 1894 watu wa Leopold waliwapiga Waarabu wa Maniema. Sefu, mutoto wake, alikufa katika vita ile, na mali yake ya huku ikapotea. Pembe hazikuacha kutoka. Zilibadilisha mwenyeji tu, zikashuka muto kuelekea Ulaya.

Mwenyewe aliandika maisha yake kwa Kiswahili, akafa Zanzibar mwezi wa Juni 1905. Nyumba yake ingali inasimama kule. Huku kwetu aliacha luga hii tunayosoma, na pori lililomwagika damu.

Ndugu, tusimusifu, wala tusimusahau. Leo si pembe, ni almasi na zahabu. Lakini swali ni lilelile: anayebeba anapata nini, na bei inapangwa wapi? Wapagazi wale hawakuwa na njia ya kuuliza pamoja. Sisi tuko nayo.