Florence Nightingale: Muuguzi aliyesahihisha mchoro wake mwenyewe

KILA tarehe 12 Mei, wauguzi kote duniani, wa hapa Kenya wakiwemo, huadhimisha siku yao. Hiyo ndiyo tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale, ambaye wengi wetu tulifunzwa shuleni kuwa ni yule bibi aliyezunguka wodini usiku akiwa na taa mkononi. Sifa ya taa imeifunika kazi yake nyingine ambayo, kwa maoni yangu, iliokoa watu wengi zaidi: kazi ya takwimu.

Alizaliwa mwaka wa 1820 mjini Florence, Italia, na mji huo ndio uliompa jina. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali, na babake alimsomesha mwenyewe nyumbani. Binti huyo alipenda hesabu tangu utotoni. Alipotangaza kuwa anataka kuwa muuguzi, jamaa zake walipinga vikali, kwani siku hizo uuguzi ulihesabiwa kuwa kazi ya watu duni. Hakukata tamaa. Mnamo 1851 alipata mafunzo Kaiserswerth, Ujerumani, na 1853 akakabidhiwa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake jijini London.

Wakati huo vita vya Crimea vilikuwa vimezuka, Uingereza, Ufaransa na Uturuki zikipigana na Urusi. Waziri Sidney Herbert alimwomba aongoze wauguzi, naye akawasili Scutari, ng'ambo ya pili ya Istanbul, mnamo Novemba 1854 akiwa na wanawake 38. Alikuta wagonjwa wamerundikana katika uchafu, na chini ya jengo mifereji ya maji taka imeziba. Alihangaikia chakula, nguo safi na matandiko. Hata hivyo, vifo viliendelea kuwa vingi hadi Machi 1855, tume ya usafi ilipofika, ikazibua mifereji na kurekebisha mzunguko wa hewa.

Aliporejea nyumbani 1856 aliketi na mtakwimu William Farr kuzichambua rekodi za jeshi. Hesabu zilikuwa za kutisha. Mnamo Januari 1855, katika jeshi la watu wapatao 32,000, magonjwa ya kuambukiza na mengine ambayo yangeweza kuzuiwa yaliua 2,761. Majeraha ya vita yaliua 83 tu.

Bi Nightingale alijua kuwa wakuu wa serikali hawangesoma majedwali marefu. Akaamua kuchora. Katika mchoro wake wa kwanza, kila mwezi ulipewa mstari utokao katikati ya duara, urefu wake ukilingana na kiwango cha vifo, kisha ncha za mistari zikaunganishwa. Umbo lililotokea lilifanana na bawa la popo.

Hapo palikuwa na kosa. Jicho la mtazamaji halipimi urefu wa mstari. Hupima eneo lililotiwa rangi. Mstari ukirefushwa mara mbili, eneo huongezeka mara nne. Vifo vya magonjwa mwezi ule wa Januari vilikuwa mara 33 ya vile vya majeraha, lakini kwa kipimo hicho eneo lake lingeonekana kuwa kubwa zaidi ya mara 1,000. Kosa lenyewe lilimfaa, kwani liliitia nguvu hoja yake mbele ya wapinzani. Lakini hakulifumbia macho. Karatasi ya masahihisho ilitiwa kitabuni, kisha akachora upya kwa vipande vilivyokatwa kama chapati kuanzia katikati, eneo la kila kimoja likilingana na idadi. Sasa kipande cha magonjwa kilikuwa na urefu unaokaribia mara sita tu ya kile cha majeraha. Bado kilitosha kuishtua Uingereza.

Mtego huo ungalipo. Wanaoandika programu za kompyuta za kuchora chati za rada, zile zinazofanana na utando wa buibui, hukutana nao kila mara. Tuseme mhimili mmoja ni idadi ya wauguzi katika kaunti, wa pili ni fedha kwa mamilioni, na wa tatu ni asilimia ya watoto waliochanjwa. Lazima kila mhimili uwe na kipimo chake, la sivyo mamilioni yatazimeza asilimia. Kwa hivyo programu huigawa kila thamani kwa kiwango cha juu cha mhimili wake, ikapata nambari kati ya 0 na 1, kisha huizidisha kwa nusu kipenyo cha duara. Lakini anayechagua viwango hivyo ndiye anayeamua umbo litakuwa nene au jembamba. Asipoandika nambari kwenye kila mhimili, msomaji hana njia ya kumkagua.

Mnamo 1858 Bi Nightingale alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa katika Chama cha Takwimu cha London, na 1860 akaanzisha chuo cha wauguzi katika hospitali ya St Thomas'. Ingawa maradhi yalimlaza kitandani kwa miaka mingi, aliendelea kuandika ripoti. Mwaka wa 1907 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Ustahilifu ya Uingereza.

Alifariki Agosti 13, 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey pamoja na wakuu wa taifa, akazikwa East Wellow, kijijini. Kwenye kaburi waliandika herufi mbili za jina lake, na tarehe za kuzaliwa na kufa.