Frédéric Bastiat: Mkulima aliyeuliza serikali iishie wapi

Kila msimu wa bajeti tunasikia mabishano yale yale: ushuru wa bidhaa za nje upande au ushuke? Mwenye kiwanda anataka upande, mnunuzi analia na bei. Mfaransa Frédéric Bastiat aliyashughulikia mabishano hayo karibu miaka 180 iliyopita.

Alizaliwa Bayonne mwaka 1801. Kufikia umri wa miaka 9 alikuwa yatima wa baba na mama. Babu yake alipofariki mwaka 1825, alimrithisha shamba huko Mugron, na kwa miaka mingi Bastiat aliishi kama mkulima na hakimu wa mahakama ndogo ya pale kijijini.

Mwaka 1845 aliandika kisa kilichowachekesha wengi. Watengenezaji mishumaa wanaliomba bunge liamuru madirisha yote yafungwe mchana, kwa kuwa jua linawaharibia soko kwa kutoa mwanga bure. Ukishamaliza kucheka, unagundua kwamba ombi hilo halitofautiani sana na la mfanyabiashara anayetaka bidhaa rahisi za nje zizuiwe. Anayelipia ni mnunuzi.

Mapinduzi ya 1848 yalipomwondoa mfalme, Bastiat alichaguliwa kuwa mbunge. Kwake, kazi ya sheria ni kulinda uhai, uhuru na mali ya kila mtu. Sheria ikimnyang'anya mmoja ili impe mwingine, aliiita wizi, hata kama imepigiwa kura. Basi akawapinga wasoshalisti waliotaka serikali imhakikishie kila mtu kazi. Lakini mwaka 1849 huyo huyo alisimama bungeni kutetea haki ya wafanyakazi kuungana na kugoma, jambo ambalo matajiri hawakulitarajia kwake.

Sisi tunaona swali moja hakulijibu vya kutosha: kijiji kisicho na uwezo wa kujenga shule kimtegemee nani? Wapinzani wake walilishikilia hilo, na hadi leo wanalishikilia.

Kifua kikuu kilimla taratibu na sauti ikampotea, pigo kubwa kwa mbunge. Akabaki na kalamu. Kijitabu chake kuhusu sheria, kinachosomwa hadi leo, alikitoa mwaka 1850 akiwa mgonjwa. Madaktari walimpeleka Italia kutafuta hali ya hewa nzuri. Alifariki Roma tarehe 24 Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 49, akazikwa huko huko.