Teresia na Ndugu Yake Aliyekwenda Afrika

Katika mji wa Alençon, nchi ya Ufaransa, alizaliwa mtoto wa kike tarehe 2 Januari 1873, akaitwa Thérèse Martin. Wakristo wasemao Kiswahili humwita Teresia wa Mtoto Yesu. Baba yake alikuwa fundi wa saa, na mama yake alikuwa mtengenezaji wa lesi. Watoto wao walikuwa tisa, lakini wanne walikufa wangali wadogo, na wawili katika hao walikuwa wavulana. Wakabaki mabinti watano, naye Teresia ndiye kitindamimba.

Alipokuwa na umri wa miaka minne, mama yake alifariki. Baba akawachukua binti zake, wakahamia mji wa Lisieux. Huko Pauline, dada yake, akawa kama mama kwake; lakini mwaka 1882 Pauline naye aliingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli. Teresia akaona kana kwamba amefiwa na mama mara ya pili.

Watawa hao wana desturi ngumu. Aingiaye hukaa nyuma ya ukuta hata kufa kwake, akisali na kufanya kazi za mikono. Teresia naye alitaka kuingia alipokuwa bado hajatimiza miaka 15, lakini wakubwa walikataa kwa sababu ya udogo wake. Basi mwaka 1887 alisafiri na baba yake mpaka Roma. Akapiga magoti mbele ya Papa Leo XIII, akamwomba ruhusa. Papa alimwambia afuate shauri la wakubwa wake. Teresia hakutaka kuondoka pale, hata askari wakamwinua, naye akilia machozi. Hakukata tamaa. Akapata ruhusa, akaingia tarehe 9 Aprili 1888.

Humo ndani kazi zake zilikuwa ndogo: kufagia, kushona, kutunza vyombo na mavazi ya kanisa. Lakini moyoni alitamani kwenda nchi za mbali kuhubiri Injili. Tena alikuwa na huzuni moja ya siku nyingi: hakuwa na ndugu wa kiume aliye padre, maana wale wawili walikufa wachanga.

Mwaka 1895 ilifika barua kutoka kwa kijana wa seminari, jina lake Maurice Bellière. Aliomba mtawa mmoja awe dada yake wa kiroho na kumwombea, kwa maana alitaka kuwa mmisionari. Wakati huo Pauline ndiye aliyekuwa Mama Mkuu, naye akampa Teresia kazi hiyo. Teresia alifurahi mno.

Maurice alikuwa amezaliwa mwaka 1874, na mama yake alikufa siku chache baadaye. Alilelewa na dada wa mama yake, naye kwa muda mrefu alidhani huyo ndiye mama yake mzazi. Hivyo wote wawili walijua uchungu wa kukosa mama. Maurice hakuwa kijana mwenye nguvu ya moyo. Alipokuwa katika kazi ya uaskari, aliogopa kwamba wito wake utapotea. Kuanzia mwaka 1896 Teresia alimwandikia barua, akamtia moyo asiogope makosa yake ya zamani, bali amtumaini Mungu kama mtoto amtumainivyo baba yake. Barua zao zote zilikuwa 21. Hawakuonana hata siku moja.

Lakini mwaka huo wa 1896 Teresia alikuwa ameanza kutapika damu. Alikuwa na kifua kikuu. Mwaka 1897 aliagizwa kutembea kidogo bustanini kila siku ili apate nafuu. Mtawa mmoja alimwona amechoka sana, akamshauri aketi apumzike. Teresia alimjibu kwamba anatembea kwa ajili ya mmisionari mmoja; huenda yuko mbali, amechoka kwa safari zake, naye anamtolea Mungu uchovu wake ili yule apunguziwe wa kwake.

Maurice alipojua ya kuwa dada yake yu karibu kufa, alihuzunika sana. Teresia alimfariji, akamweleza kwamba akifa atakuwa karibu naye zaidi, kwa kuwa huko hakuna ukuta. Akaagiza apewe msalaba wake mdogo na picha aliyoichora mwenyewe.

Tarehe 29 Septemba 1897 Maurice alipanda meli kwenda Algeria, kuingia katika shirika la Mapadre Weupe. Siku ya pili yake, tarehe 30 Septemba, Teresia alifariki akiwa na umri wa miaka 24.

Maurice alipewa upadre mwaka 1901. Mwaka uliofuata alitumwa Nyasa, nchi iitwayo sasa Malawi. Maisha yake huko hayakuwa mepesi wala marefu. Mwaka 1906 alirudi Ufaransa, akaugua, akafa tarehe 14 Julai 1907. Alikuwa na miaka 33, na watu wachache tu walimjua.

Teresia alitangazwa mtakatifu mwaka 1925. Mwaka 1927 Papa Pius XI alimweka awe msimamizi wa misioni zote, sawasawa na Mtakatifu Fransisko Xaveri. Fransisko alivuka bahari nyingi, akafika Uhindi na Japani. Teresia hakufika hata pwani ya Afrika. Lakini alimshika mkono kijana mmoja mwenye hofu, akamsindikiza kwa sala, kwa barua na kwa hatua chache za bustanini, mpaka kijana yule akaenda. Kazi iliyofichika si kazi ndogo, na asiyeweza kwenda aweza kumsaidia aendaye.