Mwalimu wa Kibanda cha Mabati

Wenzetu wanaoandika programu huria wana kilio kimoja: umeweka kazi yako wazi, kila mtu anakaribishwa, na hakuna anayekuja. Mimi nasoma elimu, programu siziwezi, ila namjua mwalimu aliyepambana na tatizo hilohilo kabla ya kompyuta.

James Murray alizaliwa mwaka 1837 kijijini Denholm, Uskoti, mtoto wa fundi cherehani. Shule aliiacha akiwa na miaka 14 maana nyumbani ada haikuwepo. Akajisomea mwenyewe lugha moja baada ya nyingine, akawa mwalimu, na baadaye akafundisha shule ya Mill Hill karibu na London. Mwaka 1879 akasaini mkataba wa kuhariri kamusi kubwa ya Kiingereza, ambayo leo inaitwa Oxford English Dictionary.

Mradi wenyewe aliukuta. Ulitegemea watu wa kujitolea: unasoma kitabu, unanakili sentensi yenye neno fulani kwenye kijikaratasi, unatuma. Aliyemtangulia, Frederick Furnivall, alikuwa hodari wa kuita watu, kuwafuatilia ndiyo ikawa kazi. Murray akapokea shehena ya magunia. Moja lina panya aliyekufa, jingine panya hai na familia yake. Karatasi za herufi H zilikuwa Florence, Italia. Za maneno yanayoanza na Pa zilikutwa kwenye banda la farasi huko Ireland, nyingine zimeshawashia moto.

Basi akajenga kibanda cha mabati kwenye bustani, akakitia visanduku 1,029 vya kupangia karatasi, akakiita Scriptorium. Mwezi Aprili mwaka huohuo akatoa tangazo, nakala 2,000, la kuomba wasomaji Uingereza, Marekani na makoloni. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Hakusema tu njooni mtusaidie. Alitaja vitabu ambavyo havijasomwa, akaeleza neno liandikwe wapi kwenye karatasi, tarehe wapi, ukurasa wapi. Mtu angeweza kuchukua kitabu kimoja tu, akakaa kwake, akawa amechangia. Digrii hakuna aliyeulizwa.

Hata hivyo watu walipenda maneno ya ajabu. Neno adimu la abusion lilikuwa na mifano kama 50, wakati abuse, neno la kila siku, halikufikisha hata mitano. (Mnaofanya kazi za vikundi mnaijua hii: kila mtu anataka kipande kinachong'aa.) Badala ya kulalamika tu, Murray alichapisha orodha za maneno yaliyopungukiwa, akazisambaza kwa wasomaji. Na barua alijibu kweli kweli. Alipohamia Oxford mwaka 1885, posta iliweka sanduku la barua nje ya nyumba yake.

Waliochangia walikuwa wa kila aina. Thomas Austin alituma nukuu 165,000. Daktari William Minor, Mmarekani aliyekuwa amefungwa hospitali ya Broadmoor kwa sababu ya ugonjwa wa akili baada ya kuua mtu, alikuwa anauliza kwanza ni maneno gani yanashughulikiwa sasa hivi, kisha anatuma hayohayo. Murray alimtembelea kule na urafiki wao ukadumu miaka.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali, barua zake kwa wasaidizi ziliweza kuchoma. Watoto wake 11 walikua wakipanga vijikaratasi kwa hela ya pipi. Wasomaji hawakulipwa, na jina kwenye dibaji, hata likiandikwa kwa heshima kama alivyoyaandika yeye, si mshahara. Yeye mwenyewe pia alibanwa: wasaidizi aliwalipa kutoka kwenye fedha ileile aliyopewa, na mabosi walimsukuma aharakishe. Walikubaliana miaka 10. Baada ya mitano alikuwa amefika neno ant.

Alifariki Julai 26, 1915, herufi T ikiwa mezani. Wenzake wakamalizia mwaka 1928, maneno zaidi ya 400,000. Wengi wa waliochangia hawakuiona ikikamilika, ila ukifungua dibaji ya juzuu la kwanza, la mwaka 1888, utawakuta wametajwa, na idadi ya karatasi walizotuma.