MWALIMU GERMAIN NA YATIMA WA BELCOURT

Katika toleo hili nawaletea maisha ya Albert Camus, mwandishi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka wa 1957. Wengi wetu twamjua kwa jina tu, na hata jina lenyewe hututatiza kulitamka (Wafaransa husema Kamü, ile s huachwa kimya). Lakini si tuzo iliyonivutia mimi. Kilichonivutia ni jambo tunalolijua vizuri sana hapa kwetu, yaani mtoto mwerevu ambaye nyumbani hakuna pesa za kumpeleka sekondari.

Camus alizaliwa tarehe 7 Novemba 1913 huko Mondovi, nchini Aljeria, wakati nchi hiyo ingali chini ya Wafaransa. Babake alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mvinyo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914 aliitwa jeshini, akajeruhiwa katika mapigano ya Marne, na mwezi wa Oktoba mwaka uo huo akafia hospitalini nchini Ufaransa. Mtoto hakuwa hata ametimiza mwaka mmoja. Mjane alitumiwa vipande vya kombora vilivyotolewa mwilini mwa mumewe, akavihifadhi.

Mama huyo, Catherine, hakujua kusoma wala kuandika, na masikio yake yalikuwa mazito. Alirudi kwa mamake katika mtaa wa Belcourt, jijini Algiers, akawa anasafisha nyumba za watu. Walijibanza vyumbani mle wote: nyanya, mama, mjomba, Albert na kakake Lucien. Stima hakuna, vitabu hakuna. Nyanya ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba hiyo, na mjeledi wake haukuwa pambo. Yasimuliwa kwamba alikuwa akikagua soli za viatu kuona kama kijana amecheza kandanda, na eti ndiyo sababu Camus akapenda kuwa golikipa, kwani golini viatu haviliki haraka!

Basi katika darasa la mwisho la shule ya msingi alimkuta mwalimu aitwaye Louis Germain. Mwalimu huyu alikuwa amepigana katika vita vile vile akarudi salama, na aliwatazama mayatima wa wenzake waliokufa kama deni lililo shingoni mwake. Hakuwa laini. Alikuwa na rula yake na makalio ya watundu yaliijua (enzi hizo, hapa Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka wa 2001). Lakini alifundisha kana kwamba watoto wale maskini walistahili kujua kila kitu. Aliwasomea kwa sauti riwaya ya Roland Dorgelès kuhusu askari wa vita hivyo, na Albert, ambaye hakuwa na lolote la kumkumbuka babake, akaketi pale akisikia jinsi babake alivyoishi siku zake za mwisho. Isitoshe, Germain hakuwalazimisha wanafunzi kufuata dini wala siasa yake. Aliamini kuwa kila mtoto ana haki ya kuutafuta ukweli mwenyewe.

Mwaka wa 1924 mambo yakafika shingoni. Nyanya alikuwa amekwisha kata shauri kwamba kijana atafute kazi kama kakake, alete mshahara. Nani angemlaumu? Njaa haingoji cheti. Mwalimu aliona kwamba kijana huyu aweza kupata msaada wa serikali akasome sekondari bila ada, ila ni lazima afanye mtihani. Germain hakuandika barua wala kumtuma mtu. Alifunga safari mwenyewe hadi kwao, akakaa na ajuza yule, akazungumza naye mpaka akakubali. Kisha akawafundisha Albert na wenzake wachache saa mbili zaidi kila siku baada ya masomo, wala hakuchukua hata senti moja. Kijana alipasi, akaingia Lycée Bugeaud.

Hapa lazima niseme jambo. Watoto wa Kiarabu na Waberberi wa Aljeria, ambao ndio wenye nchi, wengi wao hawakupata hata dawati, sembuse mwalimu wa kuwabishia hodi nyanya zao. Camus mwenyewe aliandika gazetini mwaka wa 1939 kuhusu njaa ya Wakabyle na uchache wa shule zao. Hata hivyo vita vya uhuru vilipoanza mwaka wa 1954 hakuunga mkono uhuru kamili, na wengi hawakumsamehe. Mimi pia naona alikosea hapo.

Yaliyofuata nitayapitia mbio. Akiwa na miaka 17 kifua kikuu kilimpata, kikamzuia baadaye kuwa mwalimu wa serikali. Akawa mwandishi wa magazeti na wa tamthilia, akachapisha riwaya iliyomvumisha mwaka wa 1942, na nyingine kuhusu tauni mwaka wa 1947.

Habari za Nobel zilipotoka, Camus aliacha shamrashamra zitulie kidogo. Halafu tarehe 19 Novemba 1957 akamwandikia Mwalimu Germain barua fupi. Alimwambia kwamba baada ya mamake, yeye ndiye aliyemjia akilini kwanza, na kwamba bila mkono ule uliomnyoshea mtoto maskini, yote hayo hayangekuwako. Aidha, hotuba zake za tuzo alizichapisha kwa heshima ya mwalimu huyo. Hakusahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Mzee Germain naye alimjibu mwaka wa 1959 akimwita bado mtoto wake mdogo, Nobel au pasipo Nobel!

Tarehe 4 Januari 1960 Camus alifariki katika ajali ya gari huko Villeblevin, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 46. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na mswada wa riwaya kuhusu utoto wake, ambao bintiye aliuchapisha mwaka wa 1994. Humo mwalimu amepewa jina la kubuni, Bernard. Lakini kuna mahali mwandishi alijisahau, kalamu ikateleza, akaandika Germain.