Denis Burkitt, munganga aliyechora ramani ya kanseri ya watoto

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 tu, lakini barabara inashuka. Butembo iko milimani, kwenye meta zaidi ya 1700, na baridi yake kila mutu anaijua. Beni iko karibu na meta 1200, joto linazidi na mbu pia. Tofauti ya namna hiyo njo ilimusaidia munganga mumoja wa ng'ambo ya mupaka, kule Uganda, kuelewa kanseri inayoua watoto haraka. Jina lake Denis Burkitt, na leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa injinia wa barabara, lakini alipopata nafasi alikuwa anafunga pete ndogo za chuma kwenye miguu ya ndege na kuandika kila mumoja anakaa wapi. Mwana naye atafanya vile, lakini juu ya magonjwa. Akiwa na miaka 11 Denis alipata ajali, akapoteza jicho moja. Huko Dublin alianza kusomea uinjinia, kisha akageukia unganga. Alikuwa mukristo wa kusali sana, akaamini kwamba kazi yake iko Afrika. Mwaka wa 1946 alifika Uganda, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala, kama munganga wa kupasua.

Mwaka wa 1957 mwenzake Hugh Trowell alimuita amuangalie mutoto mumoja aliyevimba mataya, juu na chini, kushoto na kuume. Burkitt hakuelewa: uvimbe wa kawaida unashika pahali pamoja, huu ulishika pande ine. Wiki chache kisha, huko Jinja, alichungulia kwenye dirisha akaona mutoto mwingine mwenye uso uleule. Mumoja ni ajabu, wawili ni alama. Akafungua madaftari ya hospitali, na mwaka wa 1958 akaandika juu ya watoto 38.

Swali likabaki: mbona kule Uganda wanaugua, na inchi zingine hapana? Alituma karatasi zenye picha kwa wanganga wa Afrika. Kisha mwaka wa 1961, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford, wakatembea kilometa karibu 16 000 kwa wiki 10, mpaka Afrika ya Kusini, wakiingia hospitali zaidi ya 50. Ramani yao ilionyesha kwamba karibu na ikweta ugonjwa unakuwa haba ukipita meta 1500. Ukishuka kusini, mpaka huo unashuka pia. Basi haikuwa mulima wenyewe, ilikuwa baridi, na baridi inazuia mbu wa malaria.

Kwa hesabu hiyo, Butembo iko juu ya mustari, Beni na bonde la Semliki viko chini yake. Lakini mustari si ukuta. Familia zinahama kila siku juu ya biashara, mashamba na vita, na mutoto anahama pamoja na malaria yake.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alifundisha London, na Anthony Epstein alikuwa anamusikiliza. Vipande vya uvimbe vikapandishwa ndege kutoka Kampala. Mwaka wa 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona ndani yake virusi, vya kwanza kujulikana kuwa vinasaidia kuleta kanseri kwa binadamu. Virusi hivyo karibu sisi wote tunavibeba bila taabu. Malaria ya mara kwa mara njo inaharibu mambo, kwa sababu inasukuma seli fulani za damu nyeupe zigawanyike bila kupumzika.

Seli ikitaka kugawanyika, kwanza inafanya kopi ya kromosomu zake 46. Inazipanga katikati, kisha nyuzi ndogo sana zinavuta kopi moja upande huu, ingine upande ule. Hivi kila seli mupya inapata fungu sawasawa. Mwaka wa 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova waliona kwamba katika limfoma ya Burkitt kromosomu ya 14 ina kipande cha kuzidi. Mwaka wa 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kwamba kinatoka kwenye kromosomu ya 8. Katika kipande hicho muko amri ya kugawanyika. Ikikaa pahali pabaya, haizimiki tena, na uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja ao mbili.

Mbio hiyo iko pia uzaifu wake, kwa sababu dawa za kanseri zinashika seli zinapogawanyika. Burkitt, mwenye franga kidogo, alijaribu dawa chache kwa vipimo vidogo, na watoto wengine wakapona kabisa. Moja ya dawa hizo, vinkristini, inavunja zile nyuzi zinazovuta kromosomu. Inatoka katika ua la Madagaska, lile la rangi ya waridi ao nyeupe ambalo watu wanapanda mbele ya nyumba. Lakini musichemushe majani yake: dawa inatengenezwa na kupimwa, majani ni sumu.

Mwaka wa 1966 Burkitt alirudi Uingereza. Huko alijulikana tena kwa kuwashauri watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi, sawa vile maharagi na mboga zetu. Alikufa tarehe 23 Machi 1993.

Wazazi wa Beni, Oicha, Mangina na Butembo, kazi yake inatuambia jambo moja. Mutoto akivimba taya, meno yakianza kutikisika, ao tumbo likivimba haraka, musingojee kwanza kumaliza dawa za jino ao kutafuta nani amemuroga. Mupeleke hospitali kubwa siku hiyohiyo. Ugonjwa huu hauhesabu miezi, unahesabu siku. Na chandarua cha kila usiku kinapunguza malaria inayoufungulia mulango.