A.V. Hill: Aliyepima Joto la Msuli

Alfajiri, kabla matatu za kwanza hazijajaa abiria, barabara inayopanda kutoka Njoro kuelekea Mau Narok huwa na vijana wanaokimbia. Ukungu bado umetanda, lakini migongo yao tayari inafuka mvuke. Mwulize mpita njia vijana hao wameupata wapi uwezo wao, naye atakujibu upesi kwamba ni damu. Fulani ni wa kabila fulani, na kabila hilo ni la wakimbiaji, mjadala umefungwa. Mimi ni mwanaisimu, si mtaalamu wa mwili wa binadamu. Hata hivyo, kazi yangu ni maneno, na neno hili damu limenitia wasiwasi kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, namwomba msomaji anivumilie nisimulie maisha ya mtu ambaye hakuridhika na majibu ya upesi kuhusu ule mvuke wa mgongoni.

Archibald Vivian Hill alizaliwa mjini Bristol, Uingereza, tarehe 26 Septemba, 1886. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu baba yake aliiacha familia, na mama ndiye aliyemlea pamoja na dada yake. Alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge na akafuzu akiwa miongoni mwa watahiniwa bora kabisa. Mwalimu wake, Walter Fletcher, alimshauri aiache hisabati na kugeukia fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili. Mwaka 1909 alianza utafiti uliomshughulisha hadi uzeeni: msuli unapojikunja, joto hutoka wapi, kiasi gani, na wakati gani?

Swali hilo laonekana dogo. Lakini msuli wa paja la chura ukijikunja mara moja, joto lake hupanda kwa sehemu chache tu za elfu za digrii. Hapakuwa na kipimajoto cha kawaida kilichoweza kuliona badiliko hilo. Hill alikwenda Ujerumani kujifunza ufundi wa vyombo vya kupimia joto kwa umeme, akaviboresha. Hatimaye aligundua kwamba joto la msuli hutoka kwa awamu mbili. La kwanza hutoka wakati msuli unapofanya kazi, nalo halihitaji oksijeni. La pili hutoka polepole baada ya kazi kwisha, nalo halipatikani pasipo oksijeni. Kwa maneno mengine, msuli hutumia kwanza, kisha hulipa.

Vita Kuu ya Kwanza vilimtoa maabarani. Aliongoza kikundi cha wanahisabati waliotafiti jinsi ya kulenga ndege kwa mizinga. Mwaka 1920 alikuwa profesa mjini Manchester, na huko ndiko alikotoka kwenye chura akaingia kwa mwanadamu. Mwanadamu wa kwanza kupimwa alikuwa yeye mwenyewe, kwa kuwa alipenda kukimbia. Alizunguka uwanja wa nyasi akiwa na mfuko mgongoni wa kukusanya pumzi anazotoa, halafu akapima oksijeni aliyotumia. Akaona kwamba kila mtu ana kikomo cha oksijeni anayoweza kuvuta, na kwamba anayekimbia kupita kikomo hicho hukopa. Kule kuhema baada ya mbio kumekwisha ndiko kulipa deni. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 alipewa pamoja na Mjerumani Otto Meyerhof, aliyekuwa akichunguza kemia ya msuli.

Hapa ndipo tunapokutana na jambo la kwanza linalonifanya nimheshimu Hill. Yeye na Meyerhof waliamini kwamba asidi ya laktiki ndiyo inayousukuma msuli ujikunje. Sifa zao zilisimama kwa kiasi kikubwa juu ya imani hiyo. Mwaka 1930 Mdenmaki Einar Lundsgaard alionyesha kwamba msuli ulioingizwa sumu ya kuzuia asidi hiyo isitengenezwe bado hujikunja. Mtu mwenye tuzo kubwa kiasi hicho angeweza kumbeza mgeni. Hill aliyakubali matokeo, na mwaka 1932 akaandika kueleza kwamba nadharia ya zamani imepinduliwa. Mwaka 1938 alitoa kanuni yake mashuhuri juu ya uzito, kasi na joto la msuli: mzigo ukiwa mzito msuli hujikunja polepole, ukiwa mwepesi hujikunja upesi. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 77, aliirudia kazi hiyo mwenyewe na kusahihisha sehemu yake iliyohusu joto.

Jambo la pili linahusu watu. Mwaka 1933 serikali ya Hitler iliwafukuza wahadhiri wa Kiyahudi kutoka vyuo vikuu vya Ujerumani, kwa hoja ya damu. Hill, aliyekuwa amepigana dhidi ya nchi hiyohiyo, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa baraza la kuwasaidia wasomi waliofukuzwa wapate kazi na makao Uingereza. Mwaka 1935 alimpokea katika maabara yake kijana Bernard Katz kutoka Leipzig, ambaye mwaka 1970 naye alipata Tuzo ya Nobel. Meyerhof mwenyewe, mshirika wake katika tuzo, alilazimika kuikimbia nchi yake mwaka 1938, akaishia Marekani. Baina ya mwaka 1940 na 1945 Hill alikuwa mbunge wa kujitegemea. Alifariki tarehe 3 Juni, 1977, akiwa na umri wa miaka 90.

Je, yote haya yanatuhusu nini sisi wa Bonde la Ufa? Vipimo vya oksijeni vilivyotumiwa na Hill vilifika hapa kwetu. Mwaka 1986 watafiti, akiwemo Mkenya G.M.O. Maloiy, walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake wa Kiluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu waliobeba kwa ukanda wa kipajini. Wote waliweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili bila kutumia nishati ya ziada. Makabila mawili, mitindo miwili, jibu moja. Naye Bengt Saltin wa Skandinavia, katika matokeo ya mwaka 1995, alieleza kwamba kikomo cha oksijeni cha wakimbiaji wetu hakikuwazidi wakimbiaji bora wa kwao. Ila wetu walitumia oksijeni kidogo zaidi kwa kasi ileile. Wavulana wa Kikenya waliozoea kutembea na kukimbia kila siku waliwapita kwa mbali wenzao waliokuwa wakikaa tu.

Sisemi kwamba urithi hauna nafasi; hilo ni la wataalamu kulipima. Ninalosema ni kwamba neno damu, jinsi tunavyolitumia, halielezi kitu. Hufunga mlango wa kuuliza. Humnyima kijana wa Mau Narok sifa ya jasho lake. Tena, neno linalotumiwa leo kumsifu mtu kesho laweza kutumiwa kumfukuza. Nakuru hatuhitaji kuambiwa hayo. Tuliyaona Molo mwaka 1992, na Januari 2008 tuliwaona maelfu wakilala katika uwanja wa maonyesho wa mjini, wakiwa wamefukuzwa makwao kwa sababu ya kabila walilozaliwa nalo.

Basi walimu wetu wa sayansi na wa lugha wawasimulie wanafunzi maisha ya Hill. Na atakayewaona vijana wale alfajiri, mvuke ukiwatoka, akumbuke kwamba anaona kazi inayofanywa, saa ileile, na mtu ambaye aliamka mapema kuliko yeye.